Bei ya Boksi

Kila mwezi, katika zile siku mbili tatu za mwanzo, boksi dogo la dawa lilipanda basi kutoka mji wa mbali na kushuka kwa mwanamke mmoja aliyeishi peke yake katika chumba cha kupanga. Boksi lenyewe lingeweza kuingia mfukoni mwa shati, lakini mdogo wake alilifunga kama mtu anayesafirisha vyombo vya kioo: gazeti kwanza, kisha nailoni, kisha uzi wa katani aliouzungusha mara sita na kuukaza kwa meno. Barua haikuwemo. Mdogo wake hakuwa mtu wa barua. Lakini jioni ya siku hiyo simu ililia.

"Dada, imefika?"

"Imefika, mdogo wangu."

"Unameza?"

"Nameza."

"Haya basi, dada. Tutaongea."

Dakika haikutimia. Yeye aliisubiri dakika hiyo siku ishirini na tisa.

Kazini walimwita Mama Lebo. Mtoto hakuwa naye, wala hakuwahi kuolewa. Jina lilitokana na kazi. Katika karakana ya kushona mashati wengine walikata, wengine waliunga mikono, wengine walitoboa matundu ya vifungo, na yeye alikaa mwisho kabisa, karibu na dirisha, akishona lebo kwenye kola. Alikuwa na roli mbili za utepe wa lebo. Roli ya buluu yenye maandishi ya dhahabu ilikwenda kwenye mashati ya duka lenye mlango wa kioo. Roli nyeupe ilikwenda kwenye mashati ya sokoni. Kitambaa kimoja, uzi mmoja, vifungo vya gunia moja. Mkata vitambaa, mzee mwenye maneno mengi kuliko mkasi wake, alipenda kumchokoza.

"Mama Lebo, wewe ndiye mtu hatari kuliko wote humu. Sindano yako ikipita mara nne tu, shati limepanda bei mara tatu!"

Wenzake walicheka. Yeye aliinamisha uso na kutabasamu kwenye sindano. Alikuwa mtu wa kutabasamu kwenye sindano.

Huyo mdogo wake alimlea mwenyewe. Wazazi wao walifuatana kaburini mwaka mmoja, yeye akiwa na miaka kumi na tisa, mtoto akiwa na mitano. Mtoto alipotembezwa njiani hakushika mkono wa dada yake, alishika kidole kimoja tu, na watu wakamwita Kidole. Kidole alikua, akaenda mbali kutafuta maisha, akawa fundi wa matairi. Na kama wafanyavyo wengi waliokwenda kutafuta maisha, aliyapata kidogo na akasahau kurudi. Kuna mwaka miezi kumi na moja ilipita bila simu yake hata moja. Dada hakumlaumu. Kumpigia aliona haya, maana mtu hupiga simu akiwa na shida, na yeye hakuwa na shida ya kusema.

Halafu akaanguka. Aliangukia mashine, kola mkononi, na alipozinduka hospitalini daktari alimwambia ana presha, tena ya siku nyingi, na kwamba atameza kidonge kimoja kila siku, labda maisha yake yote. Kidole alikuja usiku ule ule kwa basi. Alichukua cheti cha daktari, akaenda kwenye duka kubwa la dawa karibu na hospitali, akarudi na boksi jeupe lenye mstari mwekundu na jina kubwa la kung'aa.

"Hili niachie mimi," alisema. "Wewe ulinilisha miaka mingapi? Boksi ni langu, dada. Usiulize bei."

Naye hakuuliza. Miaka mitatu hakuuliza. Ukweli, ambao hakuwahi kumwambia mtu, ni kwamba hakuuchukia ugonjwa ule. Ugonjwa ulimrudishia ndugu yake, japo kwa dakika moja.

Sasa mwezi huu boksi halikuja.

Alikwenda kituo cha mabasi siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Karani wa mizigo alimwona tu kwa mbali akatikisa kichwa. Simu ya Kidole haikupatikana. Vidonge vikabaki vitatu, na yeye akachukua wembe wa kukatia nyuzi akavigawa nusu nusu, ili siku tatu ziwe sita. Siku ya tano kisogo kilianza kugonga kama mtu anayetwanga chumba cha pili. Siku ya saba alishona lebo ya buluu kwenye shati la sokoni, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi, na mkata vitambaa safari hii hakucheka. Alimwambia, "Nenda nyumbani, mama. Macho yako mekundu."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda duka la dawa lililo kona ya barabara, akiwa na boksi tupu mkobani.

Alisimama kando akijifanya anasoma matangazo ya dawa za meno mpaka wateja wote wakaondoka. Ndipo akalisukuma boksi juu ya kaunta, bila neno, kama mtu anayerudisha kitu alichookota. Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Hii ninayo. Unataka boksi zima?"

"Ni... ni kiasi gani?"

Mama akataja.

Mama Lebo alidhani masikio nayo yamepatwa na presha. Akaomba arudiwe. Akarudiwa. Bei ilikuwa ile ile.

Yeye alilipwa kwa lebo, na kichwa chake kilipiga hesabu zote kwa lebo. Kwa siku alishona mia mbili. Boksi lile lilikuwa lebo elfu moja na mia nane. Siku tisa za kuinama. Na Kidole, ambaye alilala chumba kimoja na mafundi wenzake wawili, aliitoa bei hiyo kila mwezi kwa miaka mitatu, akifunga na uzi wa katani, akisema usiulize.

"Kaa chini," mama alisema. "Kaa hapo kwenye stuli. Umeacha dawa tangu lini?"

"Sijaacha. Nimegawa nusu."

"Nani kakwambia ugawe nusu?"

"Mimi mwenyewe."

"Aa, daktari mpya mjini, na sisi hatuna habari!" Lakini alikuwa ameshamfunga kitambaa cha kipimo mkononi na kukijaza upepo. Alisoma, akakunja uso. "Mia moja sabini na tano kwa mia na tano. Dada yangu, hii si ya kuchezea. Cheti cha daktari unacho?"

Alikuwa nacho. Watu waliosoma kidogo hutunza karatasi kuliko waliosoma sana. Kilikuwa ndani ya nailoni, kimekunjwa mara nne, kimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Mama alivaa miwani, akasoma, akaweka kidole chini ya neno moja.

"Daktari wako hakuandika jina hili kubwa la kwenye boksi. Hili kubwa ni jina la biashara, kampuni imelitunga yenyewe. Daktari kaandika jina la dawa. Ona, ndilo hili hili, hapa chini, kwa herufi ndogo." Akageuka, akashusha kutoka kwenye rafu boksi la rangi ya karatasi ya kaki, lisilo na mstari wala mng'aro. "Na hapa, soma."

Alisoma taratibu, herufi kwa herufi. Lilikuwa neno lile lile. Kipimo kile kile, vidonge thelathini.

"Hii bei gani?"

Mama akataja. Lebo mia mbili. Siku moja.

Sasa ndipo alipoogopa. Bei ya kwanza ilimshtua, ya pili ilimtia hofu, kwa sababu alilelewa akisikia kwamba rahisi ni ghali, na katika maisha yake kila alichonunua kwa bei ya kutupa alikitupa kweli. Akalirudisha boksi la kaki nyuma kwa ncha ya kidole.

"Hii ni ya watu wasio na uwezo," alisema polepole. "Haina nguvu."

"Nguvu ni ile ile. Sikiliza. Wa kwanza kuigundua alihangaika miaka mingi na alitumia fedha nyingi, akapewa haki ya kuiuza peke yake kwa muda fulani ili azirudishe. Ule muda ukaisha. Sasa na wengine wanaruhusiwa kuitengeneza. Hawalipii tena kugundua, hawalipii matangazo, kwa hiyo wanauza chini. Wakaguzi wa dawa wa serikali wanaipima kabla haijafika hapa. Unga wa kushikia kidonge na rangi vinaweza kutofautiana, dawa yenyewe haitofautiani."

"Na ile ya juu kwa nini bado ni ya juu?"

"Kwa sababu kuna watu wanaendelea kuinunua," mama alisema, akavua miwani. "Kama wewe."

Mama Lebo aliyatazama maboksi mawili pale juu ya kioo cha kaunta. Moja lenye mng'aro, moja la kaki. Akaona kola mbili. Akaona roli ya buluu na roli nyeupe, na mkono wake mwenyewe ukipita, sindano mara nne. Miaka kumi na miwili alikuwa akishona ile tofauti, na hakuna mtu aliyeijua siri ya mtungi ule kuliko yeye, lakini kwenye dawa hakuiona. Alihisi aibu, kisha akahisi kucheka, kisha kisogo kikagonga na vyote viwili vikatoka.

"Nipe hii," alisema.

"Chukua. Meza kimoja kizima, si nusu. Urudi baada ya wiki nikupime. Isiposhuka, tunakwenda kwa daktari wote wawili, mimi mwenyewe nitafunga duka."

Wiki ilipopita alipimwa, ikawa imeshuka. Wiki ya pili ilikuwa mia moja thelathini na sita kwa themanini na nne, na mama akaiandika kwenye kadi na kupiga mstari chini yake kama mwalimu aliyeridhika.

Alirudi chumbani kwake mwepesi kabisa. Alikaa kitandani, boksi la kaki mapajani, akawaza: nitamwambia Kidole, atafurahi sana, ataacha kutuma.

Na hapo hapo, kama mtu aliyekosa ngazi gizani, akasikia alichokisema. Ataacha kutuma. Na akiacha kutuma, atauliza nini? "Imefika?" haitakuwepo. "Unameza?" itauliziwa nini, kama dawa anainunua dada mwenyewe, kona ya barabara, kwa kazi ya siku moja? Ile dakika moja ya mwezi ilining'inia kwenye uzi wa katani, na yeye ndiye aliyeshika wembe.

Simu ililia siku mbili baadaye, kwa namba asiyoijua.

"Dada, mimi. Nimepiga kwa simu ya mwenzangu. Boksi limechelewa, nisamehe, mambo yalibana kidoogo. Litafika wiki hii. Unazo za kusukuma siku?"

Alimjua tangu akiwa mtoto. Kidole alipodanganya, alivuta maneno. Mambo yalibana kidoogo. Huo ulikuwa mlango, na umefunguliwa wazi. Angeweza kusema, usitume tena.

"Ninazo chache," alisema.

"Vumilia, dada. Natuma."

"Simu yako iko wapi?"

"Ipo... ipo kwa fuundi."

"Haya, mdogo wangu."

Alikata simu, akakaa. Hakuwa amesema uongo; vidonge vya kaki vilikuwa vimebaki nusu ya boksi, na nusu ni vichache. Alijirudia hilo mara mbili tatu wakati akiosha kikombe, na kila aliporudia liliishiwa nguvu.

Boksi lilifika Ijumaa. Karani wa mizigo alimpigia mluzi kutoka dirishani.

"Mama Boksi! Leo umepata! Njoo utie sahihi kabla sijalimeza mimi, nami nina presha ya mke." Alimpa karatasi, akainama kuelekea dirishani, sauti ikashuka. "Lakini mwambie mdogo wako asitusumbulie kondakta wetu. Amelileta kituoni hana hata nauli ya mzigo. Kajitolea kumbadilishia kondakta tairi zima, jua kali, ndipo likapakiwa. Na kumbe simu yake kaiacha rehani duka la dawa la huko tangu mwanzo wa mwezi, boksi akililipia kidogo kidogo. Kondakta ameniambia mwenyewe. Huo ndio undugu, mama. Mimi ndugu zangu hata nikifa watauliza kwanza nani analipa jeneza."

Alicheka mwenyewe. Mama Lebo alitia sahihi. Mkono, ambao haukuwahi kupinda mshono, uliandika jina lake likapanda mlima.

Hakulifungua boksi. Alitoka na kusimama nyuma ya kituo, palipopangwa matairi mabovu, akaipigia ile namba ngeni. Ilipokelewa na sauti ya mtu mwingine, nyuma yake mashine ya upepo ikinguruma.

"Dada yake? Ngoja. We Kidole! Toka chini ya gari, dada yako!"

Alisikia nyayo, kisha pumzi.

"Imefika, dada?"

"Imefika. Usitume tena."

"Nani kakwambia nini?"

"Nyamaza, nisikilize, maana nikinyamaza mimi sitasema tena." Akamweleza yote, haraka, bila kupumzika: jina kubwa na jina dogo, boksi la kaki, kipimo cha kwanza na cha mwisho, lebo mia mbili. Kisha akafika kwenye lile lililokuwa gumu. "Na ulipopiga juzi nilikuwa nimeshajua. Nilikuficha."

"Kwa nini?"

Mashine ya upepo ilinguruma, ikazimika. Alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa jepesi, maneno mawili tu: nilitaka unipigie. Hakuliweza. Mwanamke aliyeweza kumlea mtoto kwa mikono mitupu hakuweza kusema maneno mawili nyuma ya kituo cha mabasi.

"Nilitaka kuhakikisha kwanza kama inafanya kazi," alisema.

Na upande wa pili Kidole akacheka. Hakuwa anamcheka, kilikuwa kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, kirefu, kisicho na mwisho, chenye kikohozi ndani yake. "Dada! Miaka mitatu! Mimi nilijua nikikosea boksi nakuua! Siku moja? Kweli siku moja?"

"Kweli."

"Mungu ni mkubwa. Sasa nitapumua. Nitakomboa simu." Akacheka tena. "Haya basi, dada. Tutaongea."

Alisimama pale na simu sikioni muda baada ya kukatika. Kicheko kile kilikuwa kizuri, na kilimuuma vile vile.

Mwezi uliofuata ulianza. Siku ya kwanza alipita njia ya kituo bila kukusudia, akageuka. Siku ya tatu alinunua boksi lake la kaki, lile la Kidole akaliacha limefungwa na uzi wake wa katani, akalipa, akapimwa, mama wa duka akamsifu. Jioni simu ilikaa mezani kimya. Siku ya tano hivyo hivyo. Kidole alikuwa ameshaikomboa simu, alituma ujumbe wa neno moja, "Nimeipata," na yeye akaujibu, "Vizuri." Kisha ikawa tarehe kumi na mbili, na tarehe ishirini. Presha ilikuwa nzuri. Alikuwa mzima kabisa, na hakuna aliyemuuliza.

Jumapili moja mchana, wapangaji wenzake wakiwa wametoka na ua umebaki na kuku tu, alinunua vocha, akaikwangua kwa ukucha, akapiga.

"Dada! Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Dawa zimekwisha?"

"Ninazo."

Kidole alikuwa akitafuta swali la nne na hakulipata. Hata dada yake hakuwa nalo. Waliitafuta njia kama watu wawili waliozoea kupita darajani, na daraja halipo.

"Nimepiga tu," alisema hatimaye, na masikio yakamwaka moto.

"Aa." Kisha, polepole, "Haya."

Hakukata. Nyuma ya pumzi yake palisikika mwiko ukigonga sufuria.

"Unapika?"

"Najaribu. Maharage. Tangu saa mbili asubuhi yako kama kokoto."

"Uliyaloweka?"

"Yanalowekwa?"

"Jamani! Nimekulisha maharage miaka kumi na tatu, hukuona yakilowekwa?"

"Mimi nilikuwa nayaona yakiwa kwenye sahani, dada."

Alicheka kwa sauti, mpaka kuku mmoja uani akaruka. Akamwambia aongeze maji ya moto, si ya baridi, afunike, chumvi asitie mpaka yaive, na vitunguu avikaange...

Simu ikalia mlio mfupi, ikakatika. Vocha ilikuwa ndogo.

Aliiweka mapajani na kusubiri apigiwe. Kivuli cha ukuta kilitoka miguuni mwake, kikavuka ua, kikapanda ukuta wa pili. Pengine naye hakuwa na salio. Pengine maharage yalikuwa yakiungua. Pengine alidhani wamemaliza.

Aliingia ndani akawasha taa. Ncha ya kidole chake cha kushonea ilikuwa na alama ya sindano, akaifikicha, akakaa mezani. Vitunguu hakuvimalizia. Jumapili ijayo angeanza navyo hivyo. Baada ya vitunguu, hakujua bado. Alikaa akatafuta jambo jingine la kumuuliza, dogo, lisiloonyesha kitu, na lilipokosekana akaendelea kutafuta.